Kabla Hujalipia Kiyoyozi, Mfikirie na Jirani

Ndugu zangu wa Dar es Salaam, Tanga, Mtwara, Unguja, Pemba na Mombasa, kaskazi ikiingia hatuna haja ya kuambizana. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana hufika nyuzi 31, 32 na kupita, na usiku halishuki vya kutosha kumwacha mtu alale. Shuka linalowa jasho, mtoto anagaagaa, pangaboi linazungusha hewa ileile ya moto. Asubuhi mtu anakwenda kazini macho mekundu. Ndiyo maana familia nyingi zinafanya uamuzi ambao zamani ulikuwa wa mabenki, hoteli na ofisi za wakubwa: kufunga kiyoyozi chumbani.

Siandiki kumkataza mtu. Usingizi si anasa, na kwa mzee mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito au mtoto mchanga, joto kali ni hatari ya kweli. Ninachoomba ni kwamba ununuzi huu tuufanye kwa hesabu na kwa kuwajali wenzetu. Kiyoyozi ni chako, lakini mashine yake ya nje inamwaga joto uchochoroni, maji yake yanamdondokea mpita njia, umeme wake unatoka kwenye transfoma inayohudumia mtaa mzima, na gesi yake ikivuja inaingia katika anga letu sote. Habari njema ni kwamba hapa maslahi yako na ya jirani yanakwenda pamoja. Mashine yenye ukubwa unaotosha bila kuzidi, inayokula umeme kidogo, yenye gesi isiyo na madhara makubwa, na iliyofungwa na fundi anayejua kazi yake, ndiyo nafuu kwako na ndiyo nafuu kwake.

Ombi langu la kwanza halihusu duka. Linahusu nyumba. Waliojenga Mji Mkongwe wa Unguja na Mji wa Kale wa Mombasa waliweka kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za juu, madirisha yanayotazamana ili upepo upite, na baraza za kukalia jioni. Sisi tunajenga kwa tofali za saruji, tunaezeka bati, tunaweka madirisha ya alumini ya kusukuma ambayo hufunguka nusu tu, kisha tunaukata mwembe uliokuwa ukitia kivuli uani ili tupate pa kuegesha gari. Baada ya hapo tunauliza kiyoyozi cha ukubwa gani kitatufaa.

Siku moja, saa tisa alasiri, simama katikati ya chumba chako. Weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi, kisha panda kiti uguse dari. Mahali palipo na moto ndipo joto linapoingilia. Pazia zito linasaidia, lakini kivuli cha nje ya dirisha kinasaidia zaidi, kwa sababu kinalizuia jua kabla halijapenya kioo: turubai, kibaraza, hata mti uliopandwa upya. Bati lililopakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua, na dari iliyotandikwa kizuia joto juu yake hubadilisha chumba kizima. Halafu tazama yale matundu ya hewa juu ya madirisha, au vioo vya kupanga visivyofunga sawasawa. Usipoviziba, utakuwa unapoza mtaa. Na joto lolote unalolizuia kuingia ni joto ambalo hutanunua umeme wa kulitoa.

Sasa twende kwenye jambo la pili, ukubwa, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Dukani utaulizwa, "Unataka hospawa moja au moja na nusu?" BTU ni kipimo cha uwezo wa kupoza. Hospawa moja kwa lugha ya duka ni BTU 9,000, moja na nusu ni BTU 12,000, mbili ni BTU 18,000. Kwa pwani yetu, makadirio mazuri ya kuanzia ni BTU 600 kwa kila mita moja ya mraba. Chumba cha mita tatu na nusu kwa tatu na nusu kinahitaji kama BTU 7,350, kwa hiyo ya 9,000 inatosha na kubaki. Sebule ya mita tano kwa nne inahitaji 12,000. Ukiwa ghorofa ya juu kabisa chini ya bati, au una dirisha kubwa linalopigwa na jua la jioni, au chumba kinalala watu wanne watano, ongeza kidogo. Usiongeze kwa hofu.

Mazoea yetu ni kusema, "Nipe kubwa, ipoze haraka." Pwani, hilo ni kosa, na sababu yake ni unyevu. Kiyoyozi kina kazi mbili: kushusha joto na kukausha hewa. Yale maji yanayotiririka kwenye kibomba cha nje ni unyevu uliotolewa chumbani mwako. Hewa inahitaji muda kupita juu ya koili baridi ili maji hayo yatoke. Mashine iliyozidi chumba inalishusha joto kwa dakika chache, kompresa inazima, na unyevu unabaki ndani. Unapata chumba chenye ubaridi unaonata, nguo kabatini zinashika ukungu, na unashusha rimoti hadi nyuzi 18 ukidhani tatizo ni joto. Mashine inayolingana na chumba inafanya kazi kwa utulivu muda mrefu zaidi, inakausha hewa, na ukiwa kwenye nyuzi 26 unalala vizuri. Kwenye rimoti nyingi kuna alama ya tone la maji. Hiyo ni kwa ajili ya kukausha, na usiku wa mvua za masika mara nyingi inatosha peke yake.

Unyevu huohuo ndio unaowaponza wanaonunua zile feni kubwa za kutia maji. Feni hizo hupoza kwa kuyavukiza maji, na maji huvukiza vizuri kwenye hewa kavu. Mtu wa Dodoma anaweza kuifurahia wakati wa kiangazi. Ukiileta Tanga au Mombasa, inakuongezea unyevu ambao tayari umekushinda. Tusimnunulie mama yetu wa Pangani kitu kwa sababu tu kilimfaa shangazi wa Dodoma. Wapo pia wanaoletewa viyoyozi na jamaa zao walioko Oman na Dubai. Mashine nyingi za huko zimetengenezwa kuhimili joto la nje la nyuzi 46 na zaidi, jambo ambalo pwani yetu hailihitaji. Usilipie ziada kwa jangwa usimoishi. Hapa kinachohitajika zaidi ni kinga dhidi ya chumvi: kama unaishi karibu na bahari, uliza iwapo mapezi ya alumini ya mashine ya nje yamepakwa kinga. Mara nyingi utayatambua kwa rangi yake ya buluu au ya dhahabu. Bila hiyo, upepo wa bahari huyala mapema.

Jambo la tatu ni umeme, na hapa nawaomba muwe wakali. Bei iliyobandikwa kwenye boksi ni sehemu tu ya bei. Sehemu nyingine utailipa kwa tokeni, usiku baada ya usiku, kwa miaka. Tafuta kibao kilichobandikwa ubavuni mwa mashine. Kitakuonyesha uwezo wa kupoza kwa wati na umeme unaotumika kwa wati. Gawanya cha kwanza kwa cha pili. Mashine ya BTU 12,000 inapoza kwa wati 3,500 hivi. Kama inakula wati 1,250, ufanisi wake ni 2.8, na huo ni mdogo. Mashine nzuri za inverta, zikipimwa kwa wastani wa msimu mzima, hufika 5 na kupita. Siri ya inverta ni kwamba kompresa yake hupunguza mwendo chumba kikishapoa, badala ya kuzima na kuwaka kwa nguvu zote. Hata hivyo, neno "inverta" kwenye boksi si ushahidi. Soma namba.

Tuchukue mfano wa chumba kinachohitaji kupozwa kwa wastani wa kilowati mbili kwa saa nane za usiku. Mashine yenye ufanisi wa 2.8 itatumia karibu uniti 5.7. Yenye ufanisi wa 5 itatumia uniti 3.2. Tofauti ni uniti mbili na nusu kwa usiku mmoja, ambazo kwa mwezi ni uniti 75. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO aliyezoea kupata takriban uniti 28 kwa LUKU ya shilingi 10,000, huo ni upotevu wa zaidi ya shilingi 25,000 kila mwezi. Ukitumia kiyoyozi miezi sita kwa mwaka, katika miaka mitano umepoteza zaidi ya shilingi 750,000. Mashine iliyokuwa rahisi dukani imeshageuka kuwa ghali.

Itazame namba hiyo tena, kwa macho ya jirani. Uniti 75 ndicho kiwango cha juu cha mwezi kwa kaya iliyoko kwenye tarifa ya D1, ile ya wateja wadogo wa nyumbani. Yaani tofauti tu kati ya kiyoyozi kizuri na kibaya, katika chumba kimoja cha kulala, inaweza kulingana na umeme wote wa kaya nzima: taa, televisheni, friji ndogo, kuchaji simu. Mtaa ukijaa mashine mbovu, saa mbili usiku nguvu ya umeme inashuka, taa zinafifia, friji ya muuza juisi inashindwa kuwaka, na transfoma ikilemewa wote mnalala gizani, mwenye kiyoyozi na asiye nacho.

Jambo la nne ni gesi. Kwenye kibao kilekile utaona herufi R na namba. Ukiona R-22, achana nayo, hata ukipunguziwa nusu ya bei. Gesi hiyo inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 nchi zetu zimekubali kuipunguza hatua kwa hatua: asilimia 67.5 kufikia 2025, na kuiacha kufikia 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. Anayekuuzia R-22 leo anakuuzia mashine ambayo gesi yake itazidi kuadimika. Mashine nyingi za mtumba ziko katika kundi hilo. R-410A haiharibu ozoni, lakini kilo yake moja ikivuja inapasha dunia joto kama kilo 2,000 hivi za kaboni dioksidi. R-32 ni kama 675. R-290, ambayo ni propani, iko chini kabisa, ila inashika moto kwa urahisi na inahitaji mashine iliyoundwa kwa ajili yake na fundi aliyefunzwa. Kwa wengi wetu leo, R-32 ndilo chaguo la busara linalopatikana madukani. Nayo inashika moto kidogo, kwa hiyo isishikwe na mtu wa kubahatisha, na gesi ya aina moja isijazwe kamwe kwenye mashine iliyoundwa kwa nyingine.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Makubaliano ya dunia ya kupunguza gesi hizi zinazopasha hewa joto yalifikiwa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016, na yanabeba jina la mji huo. Itakuwa aibu kama makubaliano yaliyopewa jina la mji wetu yataheshimiwa kwingine, huku maduka yetu yakigeuzwa dampo la mashine ambazo wengine wamezikataa. Ghana ilipiga marufuku kuingiza viyoyozi na majokofu ya mtumba, na ilianza kuisimamia marufuku hiyo mwaka 2013. Kenya, kwa kanuni zake za mwaka 2016, inataka viyoyozi vya nyumbani viwe na lebo ya nyota inayoonyesha ufanisi. Mnaonunua Mombasa, isomeni lebo hiyo. Nasi tulio upande wa pili wa mpaka tuiombe kwa sauti, na tuiombe forodhani, kabla mzigo haujafika Kariakoo.

Nimeacha ufungaji hadi sasa kwa sababu ndio unaoharibu mashine nzuri kuliko kitu kingine chochote. Msimamie fundi, na umtazame anapomaliza kuunga mabomba ya shaba. Fundi wa kweli huunganisha geji zake na pampu ya kuvuta hewa, akaiwasha na kuiacha ingurume. Mshale wa geji unashuka chini ya sifuri, na pampu inaendelea nusu saa hivi, hadi hewa na unyevu vyote vitoke ndani ya mabomba. Kisha anafunga, anazima pampu, na anasubiri kuona kama mshale utapanda. Ukipanda, kuna tundu. Ndipo anaingiza naitrojeni yenye presha ndani ya mabomba, anapaka povu la sabuni kwenye kila nati, na akiona kiputo kinavimba, anakaza au anaunga upya, kisha anavuta hewa tena. Baada ya hapo tu ndipo anaifungulia gesi. Fundi wa haraka hafanyi hayo. Anaachia gesi kidogo isukume hewa itoke upande wa pili, inapiga "fsss", anafunga, anadai pesa yake. Ile gesi imekwenda angani, unyevu umebaki ndani, na kompresa imeanza kufa siku hiyohiyo.

Baada ya miezi kadhaa atarudi na kukuambia, "Mama, gesi imeisha, tujaze." Hapo muulize kwa upole, "Fundi, imekwenda wapi?" Gesi ya kiyoyozi hailiwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa miaka yote. Ikipungua, imevuja, na kujaza bila kuziba ni kulipia kuichafua hewa. Usikubali kujaziwa kabla hajakuonyesha tundu lilipo. Na siku unahama nyumba, mwambie airudishe gesi yote kwenye mashine ya nje kabla ya kufungua mabomba. Anayejua kazi anajua namna ya kufanya hivyo. Waliosomea ufundi wa majokofu na viyoyozi katika vyuo vya VETA na kwingineko wapo. Tuwatafute, na tukubali kuwalipa inavyostahili. Mwambie pia akuvutie waya wake pekee kutoka kwenye kikasha cha umeme, wenye kikatio chake. Kiyoyozi hakichomekwi kwenye ekstensheni, na kufanya hivyo ndiko kunakounguza nyumba.

Kabla hajatoboa ukuta, toka nje naye. Mashine ya nje inatoa joto lote lililotolewa chumbani, pamoja na joto la umeme iliotumia. Je, upepo wake utaelekea dirisha la nani? Kwenye maghorofa ya Upanga na Kariakoo, na kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, wapo watu wanaolala madirisha wazi kwa sababu hawana kiyoyozi, na mashine ya jirani inawapulizia moto na kelele usiku kucha. Hilo halifai kati ya majirani. Ielekeze mahali palipo wazi, iweke kwenye kivuli penye nafasi ya hewa kupita, jambo ambalo pia linapunguza umeme wako. Na kibomba cha maji kifikishwe chini, kwenye mtaro au kwenye ndoo. Maji hayo yanafaa kumwagilia maua na kupigia deki. Hayafai kumlowesha mwanafunzi aliyevaa sare akipita chini asubuhi.

Ukishakifunga, kitumie kwa kiasi. Weka nyuzi 26 na uwashe pangaboi kwa mwendo wa chini. Pangaboi hula wati 50 hadi 75 tu, na upepo wake hukufanya uhisi chumba kimepoa zaidi. Kila nyuzi unayoipandisha hupunguza umeme kwa asilimia kadhaa. India, nchi yenye joto kuliko yetu, iliamua kuwa kuanzia Januari 2020 viyoyozi vya majumbani viuzwe vikiwa tayari vimewekwa kwenye nyuzi 24 pale vinapowashwa. Safisha chujio kila baada ya wiki mbili kwa maji ya bomba. Ni kazi ya dakika kumi ambayo hata mtoto mkubwa anaweza kuifanya. Kipindi cha kusi, hasa Juni hadi Agosti, zima, fungua madirisha, na uache upepo ufanye kazi yake.

Sasa niseme na kila mmoja kwa nafasi yake. Wenye nyumba mnaopangisha: mpangaji ndiye anayelipa umeme, lakini ninyi ndio mnaochagua mashine. Msimfungie ya bei ya chini kabisa halafu mkamwachia mzigo. Wenye maduka: kiwekeni kile kibao mbele mteja akisome, na mjifunze kumwuliza mteja vipimo vya chumba kabla ya kumwuliza ana shilingi ngapi. Mafundi: pampu ya kuvuta hewa ni heshima ya kazi yenu, mkiwa nayo, semeni, nasi tuwachague kwa sababu hiyo. Wajumbe wa mitaa na kamati za maghorofa: wekeni utaratibu wa mahali pa kufunga mashine na pa kupeleka maji kabla ugomvi haujaanza. Wenye mamlaka ya viwango na forodha: wekeni kiwango cha chini cha ufanisi chenye meno, na kisimamiwe bandarini.

Nawe msomaji, wiki hii, kabla kaskazi haijapamba moto, chukua futi kamba upime chumba chako. Andika kwenye karatasi mambo manne: ukubwa unaotosha, ufanisi usiokubali kushuka chini yake, gesi unayoitaka, na jina la fundi aliyesomea. Nenda nayo dukani, na usilipe hadi yote manne yajibiwe. Mpe jirani nakala, kwa sababu naye anapanga kununua. Muuzaji akiulizwa maswali hayo na mteja mmoja atashangaa, lakini akiulizwa na wateja ishirini kwa siku, mzigo wake unaofuata ataagiza tofauti. Nguvu hiyo tunayo sisi wanunuzi, na tunaweza kuanza kuitumia Jumamosi hii.